Nyumba Moja, Vyungu Viwili

Katika nyumba nyingi za Tanga siku hizi, jioni huinjikwa vyungu viwili. Kimoja kikubwa, cha watu wote: wali wa nazi, au sembe na mchuzi mzito wa nyama, na mshahara ukitoka ni chipsi za kununua. Kingine kidogo, cha bibi. Bibi ana sukari, au presha, au yote mawili. Ameambiwa apunguze chumvi na mafuta, aache kutia sukari kwenye chai, ale mboga za majani kwa wingi na ugali wa dona kwa kiasi. Basi husongewa kidona chake kidogo, akachemshiwa mchunga, ile mboga chungu ya majani, akachomewa kibua asiyetiwa chumvi nyingi, akatengewa pembeni peke yake. Mjukuu wa miaka minne akinyoosha mkono huambiwa: "Acha hicho, cha bibi. Bibi mgonjwa."

Sahani hiyo anayokatazwa mtoto ndiyo iliyomkuza bibi alipokuwa msichana Mwambani au Tongoni. Ndicho chakula cha pwani hii: mchunga na uchungu wake, kisamvu, tembele, kunde, mbaazi, samaki wa siku ile ile, na machungwa ya Muheza msimu ukifika. Mtoto hakuambiwa kwamba hicho ni chakula cha kwao. Ameambiwa ni chakula cha mgonjwa, na mtoto wa umri huo husadiki. Tumezoea kuwalaumu vijana kwamba wamevimba vichwa kwa umjini, hawataki vya kwao. Mimi naona ulaji mzuri unakatika jikoni kwetu, mikononi mwa watu wazima, pale tunapokitenga chakula kizuri na kukiweka upande wa maradhi. Na ninaamini kabisa kwamba tukiendelea hivyo, mjukuu huyo atakuja kuonja mchunga kwa mara ya kwanza siku atakayopewa kadi yake mwenyewe ya kliniki.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na takriban asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa wamezidi uzito au wana unene uliopita kiasi. Wakati huo huo, watoto waliodumaa walio chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 34, na kufikia 2022 walikuwa wameshuka kidogo tu, hadi asilimia 30. Nyumba moja inaweza kuwa na bibi mwenye sukari, mama aliyezidi uzito na mtoto aliyedumaa, wote wanakula kwenye jiko moja. Udumavu una sababu nyingi, kuhara na uzazi wa karibu karibu zikiwemo. Lakini sahani iliyojaa wanga, yenye kijiko cha mchuzi juu yake, inaweza kumnenepesha mtu mzima na kumnyima mtoto kwa wakati mmoja. Watu wanashiba. Wanashiba kitu kimoja.

Mdomo wa mtoto unafundishwa mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha utafiti cha Monell, Philadelphia nchini Marekani, walichapisha utafiti ambao ningependa kila mama mkwe wa Tanga ausikie. Waliwapa baadhi ya wajawazito juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, wengine wakaipewa wakati wa kunyonyesha, na wengine wakanywa maji tu. Watoto walipoanza kula, wale waliokutana na ladha ya karoti tumboni au kwenye ziwa waliupokea uji wenye karoti kwa nyuso zilizotulia zaidi kuliko wale ambao mama zao walikunywa maji. Ladha ya anachokula mama hupita kwenye maji ya uzazi, na hupita kwenye maziwa. Mtoto anazaliwa ameshaanza kukijua chakula cha kwao.

Sasa tazama tunavyomtunza mzazi aliyetoka kujifungua huku kwetu. Siku arobaini nyumba nzima inaiangalia sahani yake. Anapikiwa uji wa pilipili manga, supu, samaki, na kila kinachosemwa kwamba kinarudisha nguvu na kuongeza maziwa. Shangazi na bibi wanapokezana jikoni. Ikitimia arobaini, wanafunga mizigo yao, na siku inayofuata mama amerudi kwenye chai ya rangi na maandazi mawili mpaka saa nane mchana. Ananyonyesha bado. Akifuata desturi, atanyonyesha hadi mtoto apate miaka miwili. Hiyo miezi ishirini na zaidi iliyobaki hakuna anayeuliza amekula nini, ilhali ndiyo mtoto anayojifunzia ladha, kwanza kwenye ziwa na kisha, kuanzia mwezi wa sita, kwenye kijiko.

Kisha kuna suala la kurudia. Leann Birch, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza ulaji wa watoto, alionyesha kwamba mtoto mdogo huhitaji kuonja chakula kigeni mara nyingi kabla hajakipenda. Wataalamu huzungumzia mara nane hadi kumi na tano. Sisi tunakata tamaa mara ya pili. "Huyu hapendi mboga," tunasema mbele yake, na yeye anaishika sifa hiyo kama jina lake. Utafiti wake ulionyesha pia kwamba kumhonga mtoto ale kitu kunamfanya akichukie zaidi baadaye. Ukimwambia "maliza mchicha nikupe soda", umemfundisha kwamba mchicha ni adhabu na soda ni tuzo. Mchunga, kwa uchungu wake, ndio unaohitaji subira kuliko mboga zote, kwa kuwa binadamu huzaliwa akipenda utamu na kuukwepa uchungu. Waliotulea hawakumwekea mtoto fungu zima la mchunga. Walianza na vijani vichanga, vikachemshwa na maji yakamwagwa, vikachanganywa na kunde au tui kidogo, kisha tonge moja ndani ya mchuzi wa samaki. Kesho tena tonge moja.

Kwa nini mnyororo huu wa kurithishana ladha umelegea? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema ni uvivu wa wanawake wa siku hizi.

Anza na mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ukapandwa karibu na Pangani, na kwa miongo mingi mashamba yake ndiyo yaliyouendesha mkoa huu. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali na wakapewa posho, na posho hiyo ilikuwa hasa unga wa mahindi. Gunia la unga ni rahisi kupima, kubeba na kuhesabu. Mboga za majani, dagaa na maembe havipimiki kirahisi hivyo. Mahindi yakashika nafasi ya mtama na muhogo katika nyumba nyingi, kisha zikaja mashine za kukoboa. Sembe ni nyeupe, laini, na hukaa muda mrefu bila kuharibika kwa sababu kiini chenye mafuta kimeondolewa. Pamoja nacho huondoka sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na nyuzinyuzi.

Halafu ikaja miaka ya mgawo, na naomba wachambuzi wa lishe waifikirie kwa makini zaidi. Ukame wa 1974 ulileta unga wa njano kutoka nje, ule ambao watu waliuita yanga. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, foleni zikawa sehemu ya maisha: sukari kwa mgawo, sabuni kwa mgawo, mafuta kwa bahati. Aliyekuwa mtoto wakati ule, leo anakaribia au amepita miaka hamsini. Alikula muhogo kwa kukosa kingine, akanywa chai ya chumvi. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 na biashara kufunguliwa, mkate mweupe, sembe, mafuta ya kupikia na sukari tele vilikuwa ushahidi kwamba shida imekwisha. Mzazi yule alipowamiminia wanawe sukari vijiko vitatu, alikuwa akiwaonyesha mapenzi kwa lugha aliyoijua. Ukimwambia leo "rudini kwenye muhogo", anasikia "rudini kwenye foleni". Ushauri wowote wa lishe usiolitambua jeraha hilo utapita sikio moja na kutokea la pili.

Na kuna maarifa ya mikono yanayopotea bila mtu kuyalilia. Chukua bada, ugali wetu wa muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na usalama wake umo katika kuumenya, kuuloweka au kuuvundika, na kuukausha makopa mpaka yakauke sawasawa kabla ya kutwanga. Kazi hiyo ikifupishwa, watu huumia. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, na katikati ya miaka ya 1980 huko Tarime mkoani Mara, watu walipata ulemavu wa ghafla wa miguu, ugonjwa uitwao konzo, baada ya kula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha wakati wa ukame. Kwa hiyo bibi anapomwambia mkaza mwana "haya bado hayajakauka, yaanike tena", anasimamia usalama wa nyumba. Ndivyo ilivyo pia anapokaa na ungo akichagua punje zilizoota ukungu na kuzitupa. Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Maarifa hayo hukaa kwa mtu aliyeketi karibu na mwenye kujua, akayaona makopa kwa macho na kuyavunja kwa vidole. Ni taabu kuyapata kwenye mfuko wa unga wa dukani.

Nisieleweke vibaya kuhusu bada yenyewe. Ni wanga kama wanga mwingine, na mwenye sukari akila donge kubwa la bada hakujisaidia. Ubora wa mlo ule wa zamani ulikuwa katika vilivyoizunguka bada: mboga mbili, samaki, kunde, na kazi ya shamba iliyofuata baada ya kula. Kadhalika mchunga. Siku hizi unauzwa kwa maneno kwamba unatibu sukari, na maneno hayo yananisikitisha kwa sababu mbili. Yanawafanya wagonjwa wengine waache dawa walizoandikiwa, na yanazidi kuifanya mboga ya kila siku ionekane kitu cha wagonjwa. Mchunga ni mboga. Uliwe na wazima.

Wala ya kale hayakuwa mazuri yote. Sinia ya wanaume ilitangulia na kupata minofu. Wanawake na watoto walibaki na vichwa na mchuzi. Mjamzito alikatazwa mayai eti mtoto atazaliwa kipara, na wapo wanaokatazwa hata leo. Ng'onda, samaki mkavu, ni tamu lakini imejaa chumvi. Tui zito kwenye mboga, kwenye samaki na kwenye wali, yote kwa mlo mmoja, lilimfaa aliyelima tangu alfajiri au kuendesha baiskeli kutoka Mikanjuni hadi bandarini na kurudi. Anayepanda bodaboda kwenda kukaa kwenye kiti halimfai kwa kiasi kile. Katazo la mayai lisirithiwe. Uchu wa chumvi usirithiwe. Kurithi ni kuchagua, na kuchagua kunamtaka mtu ajue alichonacho mkononi.

Bei nazo zina sauti. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi samaki wanaposhushwa: nguru na pweza wakubwa wana wateja wao wa mbali, hoteli na wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Miaka mingi ya uvuvi wa baruti imeumiza miamba walikozaliana changu na tasi. Minazi imekauka kwa ugonjwa sehemu nyingi za pwani. Lakini hapo hapo Deep Sea wamebaki vibua na dagaa kwa bei nafuu, na kwa mtoto mdogo hao ni bora kuliko tunavyowaheshimu. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo humpa madini ya kalisi ambayo kipande cha mnofu wa nguru hakimpi. Tunawaita samaki wa shida. Mtoto anasikia.

Kisha muda. Mama anayeuza sokoni Mgandini anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi Magharibi. Mchunga unataka kuchambuliwa, kuoshwa mara tatu, kuchemshwa na kukamuliwa. Mbaazi zinakula mkaa. Chipsi ni dakika kumi, kwa moto wa mtu mwingine. Watoto wametoka asubuhi na sarafu ya kununulia barafu, ubuyu wa rangi na mihogo ya kukaanga mlangoni mwa shule, kwa hiyo mlo wao wa kwanza wa siku umeamuliwa na mtu asiyewajua. Kazi ya kupokeza ulaji ilikuwa kazi ya saa nyingi, ya wanawake, isiyolipwa, na sasa saa hizo zimeuzwa sokoni ili watoto wapate ada. Anayemtaka mama huyo arudishe upishi wa mama yake bila kumpunguzia chochote anamwonea.

Lakini kila mwaka kuna mwezi mmoja unaonipa moyo. Ramadhani ikiingia, mitaa ya Ngamiani na Makorora inabadilika. Magimbi, mihogo, viazi vitamu, kunde na mbaazi zinajaa masokoni. Baba aliyezoea kurudi saa nne usiku yuko nyumbani kabla ya adhana. Sinia inawekwa, tende zinapita, uji wa pilipili manga unapita, na mtoto anakula gimbi pembeni ya babu yake bila kushurutishwa, kwa sababu kila mkono unaelekea huko. Hakuna anayemwambia kwamba gimbi lina nyuzinyuzi. Na hakuna aliyetengwa pembeni na chungu chake, isipokuwa mgonjwa asiyeweza kufunga. Ninajua kwamba futari ina sambusa zake, tambi zake na sharubati zake, na wapo wanaonenepa Ramadhani. Hata hivyo mwezi huo unathibitisha kwamba watoto wetu wanakipenda chakula cha pwani kikiliwa na wote, kwa wakati mmoja, kwa heshima. Shawwali ikiingia tunaondoa wakati huo wa pamoja, halafu tunashangaa ladha imekwenda wapi.

Ninachopendekeza ni chungu kimoja. Chakula alichoelekezwa bibi kiwe chakula cha nyumba, kwa sababu kwa sehemu kubwa ni kile kile kinachomfaa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na apate angalau gramu 400 za mboga na matunda. Maelekezo hayo hayakuandikwa kwa wagonjwa. Mtoto mchanga aliyeanza kula hahitaji kutiliwa chumvi kabisa, na anayekua anahitaji kula mara nyingi zaidi, na mafuta kidogo na protini zaidi kuliko bibi yake; hilo linatengenezwa kwenye sahani, kwa kumwongezea yai, karanga zilizosagwa au dagaa, wala halihitaji moto wa pili. Dawa na kiasi cha wanga cha bibi vibaki vyake kama alivyoelekezwa na daktari wake. Chungu kiwe kimoja.

Hofu kubwa ni kwamba wazima watalalamika chakula hakina ladha. Mpishi wa pwani hawezi kushindwa na hilo. Ndimu, ukwaju, embe bichi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinakifanya kibua cha kuchoma kiombwe mara ya pili bila chumvi nyingi. Tui zito liwe la Ijumaa na la wageni. Siku nyingine litumike tui la pili, na mboga moja tu kwenye mlo ndiyo iungwe kwa nazi. Kunde na mbaazi zikilowekwa usiku kucha hupunguza mkaa, na vyungu viwili kuwa kimoja hupunguza mkaa zaidi. Kwenye chai, hesabu inatisha: kijiko cha chai kina gramu 4 hadi 5 za sukari, vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni takriban gramu 40, na maandazi bado hayajahesabiwa. Kikomo cha mtu mzima ni kama gramu 50, na ni bora zaidi akiishia 25. Mchaichai, mdalasini na iliki vinaifanya chai iwe na la kusema hata kwa kijiko kimoja. Ishushwe polepole, kijiko nusu nusu, kwa nyumba nzima.

Wanaume wanahusika kuliko wanavyokubali. Baba anayesema mezani "mimi si mbuzi, sili majani" amefuta kazi ya mwezi mzima ya mkewe, maana wavulana wanamtazama yeye. Na kama baba ndiye anayepita sokoni na pikipiki jioni, ni yeye atakayeamua kama kitakachofika nyumbani ni fungu la tembele au mfuko wa chipsi. Sioni kwa nini kuchambua mchicha kuwe haramu kwa kijana wa kiume wa miaka kumi na miwili. Akienda kupanga chumba Dar es Salaam atakula alichofundishwa kupika, na asipofundishwa, atakula barabarani.

Mabibi nao wana sehemu yao. Bibi huyo huyo anayekula mchunga ndiye mara nyingi anayetoa sarafu ya soda kwenye pindo la kanga, kwa kuwa mjukuu amelia. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, zaidi ya zile gramu 25 zilizo bora kwa mtu mzima kwa siku nzima. Mapenzi ya bibi hayaambiliki, na sitaki yapungue. Ningependa tu apewe nafasi ya kuyaonyesha kwa njia nyingine: amketishe mjukuu kando yake, amwambie "njoo tule, chakula chetu hiki", ampe tonge kwa mkono wake. Hakuna mtaalamu wa lishe atakayesikilizwa na mtoto kuliko mkono huo.

La mwisho ninawaambia wanaoendesha kliniki zetu za sukari na presha. Mara nyingi ushauri wa chakula hupewa mgonjwa peke yake, kwenye benchi, kwa haraka, naye ni mzee asiyepika tena. Anayepika ni mkaza mwana, au mjukuu wa kike aliyemaliza darasa la saba, au msichana wa kazi, na huyo habari zinamfikia kwa vipande: "wamesema nisile chumvi." Hapo ndipo chungu cha pili kinapozaliwa. Mgonjwa aambiwe aje na mpishi wake angalau hudhurio moja, waelekezwe wote wawili, na waambiwe wazi kwamba chakula hicho wapikiwe wote nyumbani, watoto kwanza. Wazungumziwe kwa majina ya vyakula vya hapa, vibua na kunde na tembele, si kwa picha za tufaha na brokoli wasizoziona sokoni. Dakika ishirini na mpishi zingetosha kuanzia, na hazihitaji mashine wala dawa mpya.